404 pikapu ya zamani: gia yake ya asili ilikuwa ya usukani au ya chini?

#1 SpanaKumiNaTatu
Wadau, habari za jioni. Nina Peugeot 404 pikapu niliyoinunua Limuru kutoka kwa familia ya mkulima wa chai. Kwa sasa iko gereji Kariobangi, imevuliwa viti, mikeka na karibu rangi yote. Nataka kuirudisha jinsi ilivyotoka kiwandani, kila kitu mahali pake, na Mungu akijalia niipeleke Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse.

Kinachonikosesha usingizi ni gia. Iliponifikia ilikuwa na wenzo mrefu unaotoka sakafuni, tena gia tano. Injini ni ya Peugeot, imelala upande kama zilivyo injini za 404. Kijana wa yule mkulima anasema tangu akiwa shule ya msingi baba yake alikuwa akiingiza gia chini. Fundi wangu anaapa kwamba 404 zote zilikuwa na gia ya usukani na kwamba huyo kijana anachanganya magari. Logbuku inaonyesha mwaka 1972, injini, chesisi, rangi, lakini kuhusu gia iko kimya. Namba ni ya zamani, ile isiyo na herufi mwishoni.

Swali langu: ukiacha kumbukumbu za watu, ni kitu gani kwenye gari lenyewe kitanieleza lilizaliwa na gia gani?

#2 Mtaa_wa_Grogan
Gia tano? Hiyo si ya 404. Giaboksi ya mkono ya 404 ina gia nne, kuanzia 1960 ilipotoka hadi mwisho. Uliyo nayo imetoka kwa Peugeot 505 au gari jingine la baadaye. Hapo hakuna mjadala.

#3 DerevaMstaafu
Salamu nyote. Nimeendesha 404 pikapu ya matatu kati ya Nairobi na Kiambu miaka ya sabini, baada ya lile agizo la Rais la 1973 lililoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri. Gia ilikuwa kwenye usukani. Nasema kwa uhakika kwa sababu ya kiti cha mbele: kilikuwa kirefu, cha moja kwa moja, na sisi tulikaa watatu pale mbele. Abiria wa katikati alikuwa hela. Ungeweka wenzo sakafuni, magoti ya yule wa katikati yangekaa wapi? Hakuna mwenye matatu ambaye angekubali kupoteza abiria kwa sababu ya gia.

Tabu yake ilikuwa kwenye vifimbo vinavyotoka kwenye nguzo ya usukani kwenda kwa giaboksi. Vile vipira na bushi vikiisha, wenzo unalegea kama mkono wa mtoto aliyelala. Ukiwa kwenye mlima unatoa ya pili unatafuta ya tatu, vifimbo vinaumana. Unashuka, unafungua boneti, unavisukuma kwa mkono hadi viachane, unarudi unaendelea. Abiria walizoea.

#4 Nyota_ya_Kilindini
Mzee #3 shikamoo. Hapo kwenye bushi ndipo nadhani jibu lilipo. Mkulima wa Limuru hakuwa na matatu, alibeba chai na mbolea. Bushi zilipoisha na spea zikawa adimu, fundi akamwambia «tukuwekee ya chini usahau taabu». Miaka ya themanini hiyo kazi ilifanywa na kila gereji.

#5 SpanaKumiNaTatu
Shikamoo nami nampa mzee, na nashukuru. Ila kijana wa mkulima anakumbuka gia ya chini tangu mwanzo wa miaka ya themanini. Ina maana ilibadilishwa mapema hivyo? Gari lilikuwa halijafikisha hata miaka kumi.

#6 DadaSpana
Kabla hatujaenda mbali kwa kumbukumbu, tupange vitu vizuri. Mimi nina 404 saluni Ruiru na nimeifungua mara nyingi.

404 za mwanzo zilikuja na giaboksi iitwayo C3. Ni ya usukani, na mpangilio wake wa gia si ile H tuliyozoea. Mtu asiyeijua anaweza kukaa kwenye taa nzima akitafuta ya kwanza. Kwenye 1967 hivi Peugeot wakaleta BA7, gia nne pia, mpangilio wa H wa kawaida. Pikapu nayo ilianza kutoka 1967. Kwa hiyo kwa gari la 1972 tunatafuta BA7, na wenzo wake kwenye usukani.

Hiyo BA7 ndiyo iliyoendelea kwenye Peugeot 504. Na 504 za mwanzo, 1968, nazo zilikuwa na gia ya usukani kabla hazijapewa ya chini. Ndiyo maana fundi anaweza kuchukua giaboksi ya 504 yenye wenzo wa chini, akaifunga kwa 404 bila kuhangaika sana. Spana, hiyo ya gia tano inaweza kuwa ndugu wa BA7, maana iko BA7 ya gia tano kwenye 505. Itazame: BA7 mfuko wake ni wa aluminiamu, nusu mbili zimefungwa pamoja kwa urefu na bolti zimezunguka ukingo. Ukiona hivyo, bado uko kwenye ukoo wa Peugeot.

#7 Mtaa_wa_Grogan
Dada amesema yote. Ila tusisahau 404 otomatiki. Zilikuwepo, giaboksi ya ZF yenye gia tatu.

#8 DadaSpana
Zilikuwepo kwa saluni, kuanzia 1966. Spana ahesabu tu pedali, lakini sidhani kuna mkulima wa Limuru aliyebeba mbolea kwa otomatiki.

#9 Kigamboni_Pwani
Wakenya salama? Nasoma uzi huu kutoka Dar kwa furaha. 404 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mara tatu, na dereva alikuwa wa kwetu.

#10 DerevaMstaafu
Mara nne, kijana. 1963, 1966, 1967 na 1968. Za kwenu ni mbili za katikati, Bert Shankland na Chris Rothwell. Ile ya 1963 na ya 1968 ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. Na miaka hiyo miwili ya Nowicki magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba peke yake. Mwaka 1968 tope lilimeza karibu kila mtu.

#11 Kigamboni_Pwani
Shikamoo mzee, nimepokea. Mbili zetu tunazilinda.

#12 FundiWaBabaDogo
Turudi kwa gari. Spana, ingia chini ya gari na tochi, angalia propela, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini nyuma. 404 ya asili propela yake haionekani. Inazunguka ndani ya bomba la chuma linalotoka nyuma ya giaboksi hadi kwa difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Kama bomba bado liko, basi giaboksi iliyopo ni ya Peugeot au imebadilishwa na mtu mwenye subira sana. Kama unaona propela wazi yenye spaida (viungo vya msalaba) mbele na nyuma, mtu alibadilisha giaboksi, propela na labda difu yote kwa mpigo, na hapo usahau kusoma chochote kutoka kwa giaboksi. Gari nyingi zilizowekwa gia ya Kijapani zimeishia hivyo.

Difu nayo ikague. Ya 404 niliyoifungua mimi haikuwa na zile gia za pembe tulizozoea, ilikuwa na parafujo ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Usiitie oili ya difu ya kawaida ya EP 90. Dawa iliyomo ndani ya oili ile inakula shaba. Hata BA7 yenyewe inatumia oili ya injini, si ya gia. Nimeona watu wakimimina EP 90 halafu wanashangaa gia zinalia.

#13 SpanaKumiNaTatu
Fundi, asante. Nimeingia chini leo mchana. Bomba liko, refu, linafika hadi kwa difu. Mfuko wa giaboksi ni aluminiamu wa nusu mbili kama alivyosema Dada. Kwa hiyo ni Peugeot wa gia tano.

Sasa sakafu. Tulitoa mkeka na lami ya zamani. Tundu linalopitisha wenzo si la mviringo. Ukingo wake umekwaruzwa, kuna vitone vya chuma kilichoyeyuka vimeganda upande wa chini, na ule utando mweusi wa kuzuia kutu umeishia sentimita mbili hivi kabla ya kufika ukingoni, kama umeungua. Kutu imeanzia pale pale kwenye ukingo na kuenea.

Kwenye nguzo ya usukani kuna kitu kingine. Karibu na katikati, chini ya dashibodi, kuna masikio mawili ya chuma yenye matundu ya bolti. Hayabebi kitu. Yamepakwa rangi ile ile ya kijivu ya nguzo, na ndani ya tundu moja kuna bolti iliyokatika. Na kwenye ukuta wa injini, ule unaoitenga na chumba cha dereva, kuna tundu refu lililofungwa kwa kipande cha bati na riveti nne.

#14 Nyota_ya_Kilindini
Kesi imeisha. Tundu la sakafu limekatwa kwa gasi, na masikio ya nguzo yalikuwa ya kushikilia vifimbo vya gia. Usukani.

#15 DadaSpana
Tundu la kiwandani lina ukingo uliokunjwa na mashine, na utando wa kuzuia kutu unafunika mpaka ndani. Lako limekatwa gari likiwa limeshapakwa. Hilo sina shaka nalo. Nakubaliana na Kilindini, usukani.

#16 Mtaa_wa_Grogan
Polepole. Nguzo ya usukani ni kitu kinachofunguliwa kwa bolti. Huku kwetu barabara ya Kirinyaga nimeuza nguzo za 404 saluni kwa wenye pikapu, nyingi tu, kwa sababu gari lililogongwa mbele linapoteza nguzo kwanza. Masikio kwenye nguzo yanatueleza historia ya nguzo. Gari lake ni jambo jingine.

#17 DadaSpana
Na tundu kwenye ukuta wa injini? Ukuta haufunguliwi kwa bolti.

#18 Mtaa_wa_Grogan
Ukuta hauondoki, sawa. Lakini tundu lenye bati na riveti linaweza kuwa la waya, la hita, la kebo yoyote. Ningependa kuliona kabla sijaliita la gia.

#19 MwalimuWaThika
Nimefuata tangu juzi. Naleta jambo ambalo halijaguswa: mwaka wenyewe. Viwanda vyetu vya kuunganisha magari, cha hapa Thika, cha AVA Mombasa na cha General Motors Nairobi, vyote vilianza katikati ya miaka ya 1970. Kama gari hili ni la 1972 kweli, lilikuja limekamilika kwa meli. Kama ni la baadaye na mwaka uliandikwa vibaya wakati wa kuhamisha umiliki, basi linaweza kuwa limeunganishwa nchini kutoka vipande, na waunganishaji walitumia kile kilicholetwa kwenye makasha. Hapa Kenya 404 pikapu ziliendelea kuunganishwa muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha saluni 1975. Pikapu ya mwisho mwisho na pikapu ya 1972 si lazima zifanane kila kitu.

Kwa hiyo kabla ya gia, hakikisha mwaka. Kibao cha riveti ndani ya boneti kinasema nini? Riveti zake ni za asili au zimewahi kutolewa?

#20 DerevaMstaafu
Mwalimu anasema kweli kuhusu karatasi. Namba isiyo na herufi mwishoni inakuambia tu lilisajiliwa kabla ya 1989, mfumo huu wa sasa ulipoanza. Kati ya 1972 na 1989 kuna nafasi kubwa.

#21 Gathoni_wa_Landi
Samahani kuingilia. Nina Land Rover 109 pikapu ya marehemu baba, nami niko kwenye shida kama hiyo. Muuza spea anasema ni Series III, mjomba anasema ni toleo la kabla yake, IIA, iliyowekewa uso wa III. Gia ya asili nitaitambuaje?

#22 FundiWaBabaDogo
Pole kwa mzee, dada. Yako ni rahisi kuliko ya Spana. IIA ina sinkronaiza, kile kinachofanya gia iingie laini bila kulia, kwa gia ya tatu na ya nne tu. Series III, kuanzia 1971, ina sinkronaiza gia zote nne za mbele. Endesha polepole sana mahali tambarare, gari likiwa bado linatambaa kanyaga klachi uingize ya kwanza bila kulazimisha. Ikiingia laini ni giaboksi ya III. Ikilia kama mashine ya kusaga, iache, ni ya IIA.

Halafu tazama silinda ndogo ya klachi. Kwa IIA imekaa pembeni kwenye bano lake na inasukuma kupitia vifimbo. Kwa III imefungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi. Na namba imegongwa juu ya giaboksi, ikiishia na herufi. Iandike uilete.

Ila kumbuka: hiyo itakuambia giaboksi ni ya nini, haitakuambia gari ni la nini. Giaboksi ya III kwenye IIA ni kitu cha kila siku, watu waliipenda kwa sababu haihitaji kukanyaga klachi mara mbili.

#23 Gathoni_wa_Landi
Asante sana fundi. Nitajaribu wikendi, na namba nitaileta.

#24 Mtaa_wa_Grogan
Hayo ya mwisho ya fundi ndiyo ninayoyasema tangu #16. Kifaa kinaweza kuwa cha asili na gari lisiwe lake.

#25 Kigamboni_Pwani
Bwana Grogan, wewe ungekuwa wakili. Spana weka tu ya usukani, ipendeze, twende Concours.

#26 SpanaKumiNaTatu
Kigamboni, sitaki kuweka kwa kubahatisha. Nikikata tena sakafu au kuliziba tundu lile na baadaye ikaonekana lilipaswa kuwepo, nitakuwa nimeharibu ushahidi uliobaki. Gari hili limebaki na sehemu chache ambazo hazijaguswa, na nataka kila moja iheshimiwe.

Mwalimu, kibao kipo, kinaanza na 404U kisha namba. Riveti mbili za juu ni ndogo, vichwa vya mviringo, zimepakwa rangi pamoja na bati. Za chini ni pop riveti zinazong'aa.

Dada, tumeondoa bati la ukuta wa injini. Tundu lina ukingo uliokunjwa vizuri, na kwenye pembe moja kuna mabaki ya mpira mweusi mgumu, umegeuka kama lami. Fundi amejaribu kuung'oa nikamzuia.

#27 DadaSpana
Ukingo uliokunjwa ni wa mashine ya kiwanda. Hakuna fundi wa mtaani aliyekunja tundu refu namna hiyo kwa nyundo akalifanya sawasawa. Mpira ule ulikuwa wa kuzuia vumbi na joto mahali kitu kilipopita. Kwangu saluni tundu kama hilo lipo na vifimbo vya gia vinapita hapo.

#28 MwalimuWaThika
Riveti mbili za zamani na mbili mpya zina maana kibao kiliwahi kulegezwa upande mmoja. Pengine mtu alipaka rangi ukuta, pengine alitaka kuangalia. Hata hivyo nguvu ya hoja yangu inapungua: kama zile za juu hazijaguswa, kibao hakijatoka gari jingine.

Lakini bado nauliza, je, sehemu ya mbele yenyewe haijatoka gari jingine? Hapa Thika niliwahi kuona pikapu iliyounganishwa mbili: kichwa cha lililogongwa nyuma na sanduku la lililogongwa mbele. Tulilijua tu baada ya kukwangua rangi tukakuta mstari wa kuchomelea chini ya milango, upande wa kushoto umepita juu kidogo kuliko wa kulia.

#29 Mtaa_wa_Grogan
Naam, hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Mwalimu, karibu upande wangu.

#30 DerevaMstaafu
Mimi nitawaacha na chuma chenu. Nimekaa kwenye kiti kile kirefu na mkono wangu ulikuwa juu, kwenye usukani. Lakini Spana, jambo moja la kusaidia: kiti cha gari lako kipo? Kama ni kile cha asili kisichokatwa, tazama sehemu ya mbele katikati. Waliobadilisha kwenda gia ya chini mara nyingi walilazimika kukata povu na kupinda fremu ya kiti ili wenzo upate nafasi kwa gia ya pili na ya nne. Ukikuta fremu imepindwa kwa moto, unajua iliongezwa baadaye. Ukikuta fremu nzima, basi ama kiti si chake ama wenzo ulipindwa wenyewe.

#31 SpanaKumiNaTatu
Mzee, kiti kiko stoo kwa fundi wa viti Shauri Moyo, hajakigusa. Kesho asubuhi napita kumwambia asikifungue mpaka nifike.

#32 Nyota_ya_Kilindini
Mwambie kwa simu sasa hivi. Hao wakianza kuchana hawangoji.

#33 FundiWaBabaDogo
Na ukishatoka kwa kiti, usiitupe hiyo BA7 ya gia tano hata ukipata ya gia nne. Ifunge vizuri na mafuta ndani, uiweke. Kutafuta ya nne yenye mfuniko wa wenzo wa usukani pamoja na vifimbo vyake kamili ndiyo kazi. Wengi wanauza giaboksi tupu, vifimbo vimeshakwenda chuma chakavu. Ukipewa giaboksi bila vifimbo, usilipe bei ya kamili.

#34 DadaSpana
Spana, pima urefu wa lile tundu la ukuta, na umbali kati ya masikio mawili ya nguzo, katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Nitapima yangu Jumamosi tulinganishe. Na chini ya milango pande zote mbili kwangua rangi kidogo, upana wa kidole, tuone kama kuna mstari anaousema Mwalimu.

#35 Mtaa_wa_Grogan
Vipimo vikilingana vitathibitisha nguzo ni ya 404. Hilo hakuna anayelikataa. Nasubiri rangi ya chini ya milango.